Mlinzi akae umbali gani kutoka getini?

Msimamizi, Isevya:
Ndugu zangu, ninasimamia walinzi wanne katika ghala la tumbaku hapa Tabora. Wiki mbili zilizopita, saa nane usiku, mtu mwenye panga aliruka geti akamfuata mlinzi wetu, aliyekuwa ameketi kwenye benchi hatua tano tu kutoka hapo, bunduki ikiwa begani. Mkanda ulinasa kwenye kola ya koti lake la baridi, na kabla hajaunasua yule mtu alikuwa ameshamfikia. Kilichomwokoa ni benchi lenyewe, alilolisukuma kwa mguu likampiga mvamizi magotini, naye akakimbia. Tajiri anasema kijana alizubaa. Mimi sikubali. Je, mtu anahitaji nafasi kiasi gani ili awahi kujihami?

Mstaafu, Ujiji:
Mpe pole kijana, hakuzubaa hata kidogo. Mwaka 1983, askari polisi wa Salt Lake City nchini Marekani, Dennis Tueller, aliandika juu ya jambo hilihili baada ya kulipima kwa saa: mtu mzima mwenye afya hukimbia futi 21, yaani mita 6.4, kwa takriban sekunde moja na nusu, na muda huohuo ndio anaouhitaji askari aliyefundishwa ili achomoe bastola kiunoni na kufyatua. Mlinzi wako hakuwa na nafasi hiyo, tena bunduki ya begani huchelewa zaidi. Hata anayesubiri ishara moja tu hupoteza karibu robo ya sekunde kati ya kuiona na mkono kuanza kusogea. Akilazimika kwanza kuamua kama anayekuja ni mwizi au ni kuli aliyesahau shati lake, muda unazidi kuyoyoma.

Nilipokuwa nikifundisha mgambo tulitumia fimbo mbili, moja ikiwa bunduki na nyingine panga. Mwenye bunduki alichelewa karibu kila mara, mpaka tulipoweka meza kati yao.

Mkazi wa Cheyo:
Naomba futi hizo zisichukuliwe kuwa mstari wa ruhusa ya kupiga risasi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaruhusu kujihami kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo, na mtu mwenye panga aliyekwisha kugeuka kuondoka, hata akiwa mita tatu, hamhatarishi mlinzi. Ninaogopa sana kipimo hiki kikifika kwa walinzi nusunusu.

Msimamizi, Isevya:
Shikamoo mzee, na asante ndugu wa Cheyo, nitawasomea walinzi maneno yako kama yalivyo. Tatizo ni kwamba uwanja wetu wote, kutoka getini hadi mlango wa ghala, ni hatua tisa.

Mstaafu, Ujiji:
Marahaba. Basi hamisha benchi hadi mlangoni, na mbele yake panga mapipa yaliyojazwa mchanga, ili anayekuja alazimike kuzunguka. Kila kona anayokata inampa kijana muda wa kupiga kelele, kuingia ndani na kufunga mlango, jambo ambalo ni bora kuliko risasi. Taa nayo igeuze imulike geti, maana nadhani sasa inammulika yeye. Na asijifunze kurudi kinyumenyume, kwani anayekuja mbele humshinda mbio na yeye atajikwaa. Aende ubavuni, nyuma ya mapipa.

Msimamizi, Isevya:
Ni kweli, taa iko juu ya kichwa chake. Kesho asubuhi namwita fundi umeme.