Tupeane uzoefu: mende, kunguni, sisimizi na wenzao. Dawa ipi, kipimo gani, na watu wanakosea wapi?

Tochi (mwanzisha mada)

Wakuu, uzi huu ni wa kukusanya mbinu za kuondoa wadudu ndani ya nyumba. Naomba tusiishie kwenye "puliza dawa fulani, wataisha". Taja mdudu, anajificha wapi mchana, dawa na kipimo chake, unarudia baada ya siku ngapi, na kwa nini wengi wanashindwa. Wenye maswali waulize humuhumu.

Naanza na mende wadogo wa jikoni, wale wa kahawia hafifu wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa.

Mmulike jike usiku. Mkiani utaona kitu kama kipochi kidogo cha kahawia chenye mikunjo, kimetokeza nje kidogo. Humo mna mayai 30 hadi 40, naye hukibeba hivyo takriban wiki 4, mpaka karibu siku ya kuanguliwa. Muda wote huo anatembea kidogo sana na anakaa amejibana kwenye ufa. Ukipuliza dawa unaua wanaokatiza sakafuni, ila yeye yuko nyuma ya bawaba ya kabati na haimfikii. Baada ya wiki chache jiko linajaa watoto na mtu analaumu dawa kuwa feki.

Kabla ya dawa yoyote, tafuta maskani yao. Weka mitego ya gundi 6 hadi 8 usiku mmoja: chini ya sinki, nyuma ya friji, pembeni ya jiko, ndani ya kabati, yote iguse ukuta. Asubuhi usihesabu tu, angalia wamenasa upande gani wa mtego. Wakiwa wengi upande wa kushoto, maskani iko kushoto. Mtego wenye watoto wengi ndio wa kutazama kwanza, maana watoto hawaendi mbali na walipoanguliwa.

Baada ya hapo tumia jeli ya mende yenye sirinji. Tone moja liwe kama punje ya dengu, usizidishe. Matone mengi madogo yanafanya kazi kuliko machache makubwa. Weka kwenye bawaba, chini ya ukingo wa meza ya jiko, karibu na mota ya friji, na mahali bomba linapoingia ukutani. Mende anakula, anarudi maskani, anafia huko, na wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake. Hapo ndipo sumu inapowafikia wale wasiotoka. Kagua baada ya siku 3, kisha kila wiki. Tone likiliwa au likikauka weka jingine.

Fundi Mtego

Umeeleza vizuri mkuu. Naongezea mambo ambayo yanaharibu jeli kila siku.

La kwanza ni kupuliza dawa ya kopo mahali palepale penye jeli. Dawa nyingi za kopo zinafukuza mende, kwa hiyo jeli inanuka dawa na hawaigusi. Chagua moja. Ukiamua jeli, acha kopo, na kabla ya kuweka futa sehemu hiyo kwa maji ya sabuni ili kuondoa mafuta na mabaki ya dawa.

La pili ni chakula kingine. Jeli inashindana na makombo, mafuta yaliyoganda nyuma ya jiko na ndoo ya taka isiyofunikwa. Safisha kwanza. Na kausha sinki usiku, kwa sababu mende huyu anavumilia njaa kuliko kiu. Bomba linalodondosha tone moja moja linatosha kuwanywesha wote.

La tatu ni kutumia jeli ileile mwaka mzima. Wapo mende waliobadilika wakawa wanaikwepa sukari ya glukosi iliyomo kwenye chambo, na wengine wanazoea sumu yenyewe. Soma kiambata (kemikali yenyewe inayoua) kwenye lebo na ubadili kila baada ya miezi michache. Kubadili jina la kampuni tu hakusaidii kama kiambata ni kilekile.

Unga wa asidi ya boriki nao ni mzuri, ila watu wanamwaga vilima. Mende anazunguka kilima. Unatakiwa utando mwembamba kama vumbi, usioonekana vizuri kwa macho, ndani ya nyufa na nyuma ya makabati ambako watoto na wanyama hawafiki. Ukipata maji unagandamana na hauwashiki miguuni.

Wale mende wakubwa wekundu ni habari nyingine. Wengi wanapanda kutoka chemba na mabomba ya maji machafu. Tundu la maji la sakafuni lisilotumika linakauka lile bomba lililopinda chini yake, na njia inabaki wazi. Mimina lita moja ya maji kila wiki, weka na wavu. Bila hivyo utaua kila siku na wataendelea kuja.

Njiwa

Swali kwa wenye ujuzi: kunguni. Godoro linaanikwa juani mchana kutwa, dawa inapulizwa, na baada ya wiki mbili wamerudi. Kosa ni nini?

Mvuke

Dada Njiwa, makosa ni mawili.

Kwanza jua. Kunguni na mayai yake wanakufa haraka joto likifika nyuzi 50 za Selisiasi, lakini lazima lifike pale walipo. Uso wa godoro unaweza kuunguza mkono huku katikati na upande wa chini pakiwa na joto la kawaida, na kunguni anahamia kivulini. Jua linasaidia kwa vitu vyembamba tu. Nguo, shuka, foronya na mapazia: fua kwa maji ya nyuzi 60, au weka kwenye mashine ya kukausha kwa moto mkali dakika 30. Zibebe ndani ya mfuko uliofungwa ukiwa bado chumbani, usizikokote nyumba nzima.

Pili mayai. Yana urefu wa milimita 1 hivi, meupe, yamegandishwa kwenye mbao na mishono. Dawa nyingi haziyaui, na yanaanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10. Kwa hiyo ile wiki ya pili uliyoitaja si kwamba wamerudi. Hawakuondoka. Duru ya pili iwe kati ya siku ya 10 na ya 14, na ya tatu baada ya muda kama huo. Ukipuliza mara moja ukaridhika, umewapa wale wadogo nafasi ya kukua.

Namna ya kuwatafuta: lala chali chini ya kitanda na tochi, na kadi ngumu mkononi. Pitisha kona ya kadi ndani ya mshono wa godoro na kwenye maungio ya chaga. Utaona vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ya wino iliyogusa kitambaa. Kifute kimoja kwa kitambaa chenye maji; kikiacha mchirizi wa kahawia nyekundu, hicho ni kinyesi chao, damu iliyokwisha kusagwa. Angalia matundu ya skrubu, nyuma ya kichwa cha kitanda, na mkunjo wa juu wa pazia.

Mashine ya mvuke ni silaha nzuri kuliko kopo. Pitisha polepole, sentimita 30 kwa sekunde 10 hadi 15, uso utoke na joto la nyuzi 70 na zaidi. Weka mdomo mpana au funga kitambaa, maana mvuke wenye kasi unawapeperusha wakiwa hai. Usiuelekeze kwenye soketi za umeme.

Halafu tenga kitanda kisiguse kitu. Kivute sentimita 15 kutoka ukutani, shuka zisiguse sakafu, na kila mguu ukae ndani ya mtego wa vyombo viwili: chombo kidogo katikati ya kikubwa, kuta za ndani laini na zimepakwa poda kidogo. Ukuta wa nje uzungushie utepe wa karatasi wenye gundi ili waweze kupanda, wakishaingia hawatoki. Mitego hii inakuonyesha pia kama kazi inaendelea au imekwisha. Wiki 8 bila kunguni mtegoni wala kung'atwa ndipo useme wameisha.

Usihamie kulala chumba kingine. Kunguni atakufuata au atakusubiri, maana anaweza kukaa miezi bila kula, na sasa una vyumba viwili vya kutibu. Na wanaomwagia mafuta ya taa au petroli kitandani waache kabisa. Nyumba inaungua na kunguni wa ndani ya mbao wanabaki.

Njiwa

Nashukuru sana. Hiyo ya siku 10 hadi 14 sikuijua kabisa.

Kijiko

Sisimizi wa sukari. Hapa haraka ndiyo inayoharibu. Sumu kali inamuua mfanyakazi njiani kabla hajafika kwenye kichuguu, na malkia hajui lolote. Zipo hata aina ambazo ukizipulizia dawa koloni linagawanyika, unabaki na vichuguu viwili au vitatu badala ya kimoja.

Chambo: maji ya vuguvugu mililita 500, sukari gramu 50 (vijiko 4 vya chakula), asidi ya boriki gramu 5. Pima kwa mizani. Koroga mpaka iyeyuke kabisa. Hiyo ni asilimia 1 ya boriki. Wengi wanaongeza wakidhani watapata nguvu, kumbe inaua mapema na mstari unahamia kwingine. Lowesha pamba, weka ndani ya kifuniko chenye matundu karibu na njia yao, mbali na watoto. Siku ya kwanza watajaa kupita kiasi. Waache, usiwafute. Badilisha pamba kila baada ya siku 2 au 3, na endelea wiki 2 hadi 3. Wasipogusa sukari, kuna misimu wanataka mafuta au protini, jaribu boriki kidogo ndani ya siagi ya karanga.

Ghalani

Fukusi. Jike wa fukusi wa nafaka anatoboa punje, anataga yai ndani, kisha anaziba tundu. Punje inaonekana nzima. Kwenye joto, baada ya wiki 5 hivi anatoka mdudu aliyekomaa, na mtu anashangaa kaingiaje kwenye kopo lililofungwa. Aliingia dukani au shambani.

Nafaka au unga mpya: weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4, ukiwa umefungwa vizuri, na usiufungue mpaka urudi kwenye joto la chumba, la sivyo unapata unyevu na ukungu. Asiye na friza atumie chombo kisichopitisha hewa, akijaze mpaka juu. Wadudu wanamaliza oksijeni iliyomo na kufa, ila ukifungua kila siku hewa inaingia na kazi inaharibika. Tenga chombo cha matumizi na chombo cha akiba.

Maharage: yupo fukusi anayetaga mayai yaliyolegea kati ya punje, na kiluwiluwi chake lazima kiegemee punje ya jirani ili kitoboe. Jaza chombo nusu tu, kiviringishe asubuhi na jioni kila siku, hatapata pa kuegemea. Kwa yule wa kunde anayegandisha mayai meupe juu ya ganda, njia hii haifai, tumia baridi.

Na hili nalisema kwa msisitizo. Vile vidonge vya kufukiza ghala, vya fosfidi ya alumini, visiingie kwenye nyumba wanayolala watu, hata kama ni chumba cha pili. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini. Inapita kwenye nyufa na chini ya mlango, inaua watu usingizini, na haina dawa ya kuitangua.

Bi Afya

Asante Ghalani kwa hilo. Naunga hapohapo: dawa za shambani zilizopunguzwa kwenye chupa za soda zisizo na lebo zisiingie ndani. Na zile chaki zenye sumu za kuchora mistari ya kuua mende, mtoto anaziona kama chaki za shule.

Mbu kwa kifupi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10 kwenye joto, kwa hiyo siku moja kila wiki ni ya maji: visahani vya maua, trei iliyo nyuma ya friji, ndoo, matairi. Kumwaga hakutoshi. Mbu wa homa ya dengi anagandisha mayai ukutani juu kidogo ya usawa wa maji, na yanakaa makavu miezi kadhaa. Sugua kwa brashi. Chandarua chenye dawa kifuliwe kwa sabuni laini na kianikwe kivulini, jua linaharibu dawa.

Zulia

Viroboto, wenye mbwa na paka. Mtibu mnyama na sakafu siku moja, la sivyo unazunguka. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini isimguse paka, inamuua. Mashine ya kunyonya vumbi ipite kila siku kwenye zulia na chini ya makochi, na mfuko wake utolewe nje mara moja. Wiki mbili baada ya dawa utaona wapya wakiruka. Hao wametoka kwenye vifukofuko ambavyo dawa haipenyi, na mtikisiko wa mashine ndio unaowaamsha watoke waikute dawa. Endelea kupitisha.