Mrejesho: Wale vijana wa stendi ya boda, Kisumu

Niliwauliza kama ni sawa mzee mstaafu kushinda na vijana wa bodaboda karibu na soko la Kibuye, maana mama watoto alisema natafuta kudharauliwa. Wengi mlisema niende, ila nisigeuzwe benki.

Nilienda, na sijatoka. Nimewafundisha ajua, ule mchezo wa bao, na sasa wananifunga bila huruma, wanahesabu kete kwa macho kabla sijainua mkono. Hela waliniomba mara moja, nikakataa, yakaisha.

Kilichonishangaza ni mmoja wao kunitaka niwe msemaji wake kwa wakwe, huko Vihiga. Mimi! Nikavaa suti, tukavutana na wazee wenzangu hadi jioni, ng'ombe wa mahari wakapungua. Zamani nikifika stendi, vijana walinyamaza. Siku hizi wananitania kama wajukuu, na kwetu mjukuu ana haki hiyo kwa babu.



Mama watoto hajabadili msimamo. Ila akitaka kwenda sokoni, ananituma nimpigie yule wa helmeti ya njano, eti ndiye asiyekimbiza pikipiki.