Natembea usingizini ukubwani, na mchana ndio unaonitesa

MamaWaMmoja:
Wakuu, habari zenu. Nina miaka 34. Utotoni nilikuwa natembea usingizini, ikaisha yenyewe nilipovunja ungo. Tangu mtoto wetu azaliwe, miezi saba sasa, imerudi, mara mbili au tatu kwa wiki.

Mume wangu ndiye anayenisimulia, mimi sikumbuki kitu. Usiku mmoja alinikuta jikoni, macho wazi, nimekumbatia mto naubembeleza kama mtoto. Usiku mwingine nilikuwa nimeshafungua komeo la mlango wa nje. Asubuhi najikuta na mchubuko kwenye muundi, sijui nimejigonga wapi.

Watu wakisikia huuliza habari za usiku tu. Mimi kinachoniumiza ni mchana. Naamka nimechoka kama niliyekesha. Kazini najumlisha safu ileile ya tarakimu mara tatu. Juzi nilikataa safari ya kikazi kwa sababu tungelala wawili wawili, nikamsingizia mtoto. Ikifika jioni naanza kuogopa kulala: je, nikimbeba mwanangu huku sijitambui? Mume wangu naye halali, kitanda kikilia tu ameshaketi. Tumeanza kugombana kwa vitu vidogo.

Mliopitia hili mkiwa watu wazima, mnaishije? Na kazini mlisema?

ZamuYaUsiku:
Pole sana dada. Mimi ni muuguzi. Hali hii hutokea kwenye usingizi mzito kabisa, mara nyingi saa za mwanzo za usiku. Sehemu ya ubongo inayoendesha mwili huamka, ile ya kupima mambo na kukumbuka inabaki imelala. Mtu aliyekosa usingizi siku nyingi, akiupata huzama sana, na hapo ndipo hatari inapoongezeka. Mwenye mtoto wa miezi saba analijua hilo kuliko mimi.

Nikuulize: unakoroma? Kubanwa pumzi usingizini humshtua mtu usiku kucha bila yeye kujua. Na je, unatumia dawa ya usingizi? Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza zolpidemu na wenzake wawili wawekewe onyo kali kabisa, kwa sababu ya watu kutembea na hata kuendesha gari wakiwa usingizini. Ukishafika kufungua mlango wa nje, usingoje. Muone daktari.

KengeleMlangoni:
Mimi nilianguka ngazini, nikavunjika kifundo cha mkono. Tukahamia chumba cha chini, funguo akawa anazificha mke wangu, na mlangoni tukafunga kengele ndogo. Kengele ile ilimsaidia zaidi yeye: aliacha kulala sikio wazi, akajua ikilia ataamka. Kwenu ningeifunga hata kwenye kitanda cha mtoto.

Kazini nilimwambia mkuu wangu peke yake, baada ya kusinzia kikaoni. Niliona aibu sana siku ile. Akaniruhusu kuingia saa moja baadaye, na saa hiyo moja ilinifaa sana.

UbavuniKwake:
Naandika kwa ajili ya mumeo. Kumwamsha anayetembea usingizini hakumuui kama watu wanavyosema, ila huamka amevurugikiwa na anaweza kupigana. Amshike kiwiko taratibu, aseme kwa sauti ya chini, amrudishe kitandani. Na asimsimulie mbele za watu. Mimi nilikuwa nasimulia, wageni wanacheka. Ilichukua miaka minne mume wangu kuniambia kwamba alikuwa anaumia.

MamaWaMmoja:
Asanteni mno, nimesoma pamoja na mume wangu. Dawa situmii. Kukoroma, ndiyo: ameniambia nakoroma tangu ujauzito, hakutaka kunisononesha. Alhamisi tunakwenda kwa daktari. Kuanzia leo mtoto ni wake hadi saa saba usiku, ili nipate usingizi wa mfululizo. Kengele tumeshaifunga. La kazini bado nalifikiria.