Kutafuta majirani na kupanga nafasi kati ya mawakala: jozi zote, gridi au mti wa k-d?

Mpanga_Ukumbi
Wanajamvi, salamu. Ninaandika programu ya uigaji ambamo kila mtu ni wakala anayejiamulia mwenyewe: anawatambua walio karibu naye, anajitenga nao kwa nafasi fulani, kisha anasogea kuelekea mlangoni. Kinachonikwamisha ni namna ya kujua nani yuko karibu na nani. Nimesoma juu ya njia tatu, nazo ni kupima umbali wa kila jozi, kugawa uwanja katika gridi na kuwatafuta majirani katika vyumba vinavyopakana tu, au kutumia mti wa k-d, yaani muundo unaozigawa nukta katika nusu tena na tena ili utafutaji uwe wa haraka. Programu yangu kwa sasa inaganda, na ninalazimika kuamua kabla ya wiki kwisha, kwa kuwa nikishachagua sitapenda kubomoa msimbo wote upya. Ipi ni bora?

Gridi_Kwanza
Ndugu mleta mada, kwa maelezo haya hakuna anayeweza kukujibu kwa haki. Mawakala ni wangapi? Uwanja una ukubwa gani, na "karibu" kwako ni mita ngapi? Je, kingo za uwanja zimeunganishwa, yaani anayetokea upande wa kulia huibukia kushoto, au ni kuta za kweli? Unatumia lugha gani ya programu? Ukiwa na mawakala 200, pima jozi zote uende ukalale, maana ni jozi 19,900 tu. Zaidi ya hapo mimi sijawahi kujutia gridi.

Shina_na_Matawi
Naongeza swali moja. Je, unataka majirani wote walio ndani ya nusu kipenyo fulani, au unataka idadi maalumu ya walio karibu zaidi? Gridi hujibu swali la kwanza vizuri sana, ila la pili hulijibu kwa taabu, kwa sababu chumba kikiwa kitupu hujui upanue utafutaji hadi wapi. Mti wa k-d, ambao Bentley aliueleza mwaka 1975, hujibu yote mawili. Kama unaandika kwa Python, SciPy, maktaba yake ya hesabu za kisayansi, tayari inao mti huo, na hata kingo zilizounganishwa unaweza kuzitaja unapoujenga.

Mpanga_Ukumbi
Asanteni, na samahani kwa kuacha mambo hayo. Mawakala ni 4,000. Ukumbi ni mita 60 kwa 40, una kuta, wala kingo hazijaunganishwa. Kila mtu ni duara lenye nusu kipenyo cha mita 0.25, na anawajali walio ndani ya mita 2. Hatua moja ya uigaji ni sekunde 0.1, nami nataka kuendesha dakika 10. Lugha ni Python.

Gridi_Kwanza
Sasa tunaweza kuhesabu. Jozi zote za watu 4,000 ni 7,998,000. Dakika 10 kwa hatua za sekunde 0.1 ni hatua 6,000, kwa hiyo ungepima umbali mara bilioni 48 hivi, ingawa idadi itapungua kadiri watu wanavyotoka. Chukua gridi yenye vyumba vya mita 2 kwa 2. Utapata vyumba 600, kila kimoja kikiwa na watu kati ya sita na saba kwa wastani. Kila wakala atatazama chumba chake na vinane vinavyokizunguka, yaani watu 60 hivi, na ukihesabu kila jozi mara moja tu utapima mara 120,000 hivi kwa hatua, watu wakiwa wameenea ukumbi mzima. Tofauti ni zaidi ya mara 60.

Zingatia mambo mawili. Upande wa chumba usiwe mfupi kuliko mita 2 zako, la sivyo vyumba tisa havitoshi na utawakosa majirani bila onyo lolote. Tena linganisha mraba wa umbali na 4 badala ya kutafuta kipeuo cha pili kila mara, maana kipeuo unakihitaji kwa wale tu waliothibitika kuwa majirani.

Shina_na_Matawi
Hesabu ni sahihi, lakini ndugu yetu amesahau neno "Python". Gridi iliyoandikwa kwa vitanzi vya Python tupu hupitia kila kipimo polepole, ilhali mti wa SciPy hufanya kazi hiyo ndani ya msimbo uliokwisha kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine na hukurudishia jozi zote kwa wito mmoja. Kuujenga upya kila hatua kwa nukta 4,000 si mzigo. Mti ungeshindwa na gridi kama vyote viwili vingeandikwa kwa C, hilo nalikubali. Mleta mada haandiki kwa C.

Gridi_Kwanza
Gridi nayo huandikwa kwa NumPy, maktaba ya Python ya safu za namba: unapanga mawakala kwa namba ya chumba, kisha unasoma kila chumba kama kipande cha safu. Kitanzi cha Python cha wakala mmoja mmoja hakihitajiki.

Orodha_ya_1967
Mnabishana gridi na mti kana kwamba lazima kutafuta upya kila hatua. Katika uigaji wa molekuli, Verlet mwaka 1967 alihifadhi orodha ya majirani wa kila chembe, pamoja na walio mbali kidogo kuliko mpaka unaohitajika, kisha akaitumia orodha ileile kwa hatua kadhaa. Fanya hivyo, utafutaji uwe wa mara mojamoja.

Gridi_Kwanza
Kwa molekuli inafaa, kwa sababu kila hatua chembe husogea kidogo mno. Mtu anayetembea kwa mita 1.3 kwa sekunde husogea mita 0.13 kwa hatua ya mleta mada. Ukiweka ukanda wa ziada wa mita 0.5, orodha inabaki halali mpaka mtu yeyote asogee mita 0.25, maana wawili wakiendeana kila mmoja hula nusu ya ukanda. Hizo ni hatua mbili tu, nawe umejiongezea msimbo wa kuulinda.

Nukta_kwa_Nukta
Kabla hamjamaliza, nataka kurudi kwenye sentensi ambayo wote mmeiruka. Mleta mada amesema programu "inaganda". Je, inaganda katikati ya mwendo, au kabla mtu yeyote hajasogea? Na mwanzoni unawawekaje watu wako?

Mpanga_Ukumbi
Kabla ya kusogea. Nawaweka wote katika nusu ya nyuma ya ukumbi, yaani mita za mraba 1,200. Kila mmoja nampa mahali kwa bahati nasibu, na akimlalia mwenzake namchagulia mahali pengine, hadi apate. Inafika karibu na mtu wa 3,200 au 3,300 halafu inakaa. Nilidhani ni kwa sababu kupima umbali dhidi ya watu wengi hivyo ni kazi nzito.

Nukta_kwa_Nukta
Si uzito wa kupima. Nafasi imekwisha. Duara zenye ukubwa sawa zikiwekwa mojamoja kwa bahati nasibu bila kulaliana na bila kusogezwa, hukwama zikiwa zimefunika takriban asilimia 54.7 ya eneo, kwa sababu mianya inayobaki, japo ni mingi, hakuna hata mmoja unaotosha duara nzima. Duara lako lina eneo la mita za mraba 0.196. Mara 4,000 ni 785, na 785 katika 1,200 ni asilimia 65. Hata ungekuwa na gridi, mti na orodha ya Verlet kwa pamoja, kitanzi chako kingezunguka milele, kwa kasi zaidi tu.

Watu 4,000 wanaenea katika eneo hilo, ila si kwa njia ya kuwadondosha. Wapange kama sega la nyuki. Kila mtu atapata mita za mraba 0.3, na vitovu vya majirani vitakuwa mbali kwa mita 0.589 hivi. Kipenyo cha mtu ni 0.5, kwa hiyo unaweza kumsogeza kila mmoja kwa bahati nasibu hadi sentimita 4 upande wowote bila kulaliana. Karibu na kuta mpangilio utakatika kidogo, basi anza na umbali wa vitovu mfupi kuliko huo na uhesabu waliopata nafasi kabla ya kuendelea.

Mkinivumilia, nieleze kilichonipata mimi, kwa kuwa mleta mada yuko hatua moja tu kabla ya kufika pale. Nilikuwa na mawakala 800 katika uwanja wa 100 kwa 100, kanuni ikiwa moja tu: jitenge na waliokukaribia, kwa nguvu inayopungua kadiri umbali unavyoongezeka. Mahali pa kuanzia nilipakadiria kwa namba kamili ili faili lisomeke vizuri. Sikufikiri kwamba nukta 10,000 kwa watu 800 zinatosha kuzaa jozi 32 hivi za watu waliosimama juu ya nukta ileile. Umbali kati yao ulikuwa sifuri, nami nikigawanya vekta kwa umbali huo ili kupata mwelekeo. Sifuri kugawanya kwa sifuri ikatoa thamani isiyo namba.

Katika hatua ya kwanza watu kadhaa walitoweka kwenye skrini. Katika hatua ya pili walitoweka wote 800. Nilichukua siku mbili kuelewa kwa nini maradhi yalienea hata kwa waliokuwa mbali. Msimbo wangu ulisema: umbali ukizidi nusu kipenyo, mruke huyu. Thamani isiyo namba haizidi chochote, kila ulinganisho wa kuzidi au kupungua nayo ni uongo, kwa hiyo aliyepotea hakurukwa na mtu, akawa jirani wa kila mmoja. Ningeandika kinyume chake, kwamba umbali ukiwa mdogo kuliko nusu kipenyo ndipo mhesabu, angebaki peke yake na shida yake.

Nikarekebisha kwa kuongeza kiasi kidogo sana, 0.000001, kwenye kigawanyo. Skrini ikapendeza, nikaendelea na kazi kwa miezi miwili. Baadaye nikaipanua picha na kuhesabu nukta moja baada ya nyingine, nikapata 771. Sifuri kugawanya kwa kiasi kidogo bado ni sifuri, hivyo waliozaliwa mahali pamoja hawakusukumana kamwe. Isitoshe, majirani wao ni walewale na nguvu zao ni zilezile, kwa hiyo walitembea pamoja hadi mwisho kama mtu mmoja anayehesabiwa mara mbili. Vipimo vyangu vyote vya msongamano vya miezi miwili ile nilivitupa. Tangu siku ile, umbali ukiwa sifuri huwapa wawili hao mwelekeo wa bahati nasibu wenye kupingana, nikiutoa kwenye mbegu iliyoandikwa, yaani namba ya kuanzishia bahati nasibu, ili mwendo uweze kurudiwa, na kila mwisho wa hatua programu hukagua kwamba hakuna thamani isiyo namba.

Kundi_la_Ndege
Pole sana kwa kazi ile. Mimi naona mjadala mzima umechukulia kwamba ujirani ni mita. Ballerini na wenzake walipowachunguza kwezi wanaoruka kwa makundi jijini Roma, katika matokeo yaliyotoka mwaka 2008, walikuta kwamba kila ndege huitikia majirani sita au saba kwa wastani, wawe karibu au mbali kiasi gani. Kundi likitawanyika, halikatiki. Reynolds, alipoiga makundi ya ndege kwa kompyuta mwaka 1987, alitumia umbali kwa kanuni zake za kujitenga, kulingana mwelekeo na kukusanyika, nasi tumemfuata bila kuuliza. Jaribu majirani saba, ndugu mleta mada.

Nukta_kwa_Nukta
Kwa kulingana mwelekeo nakubaliana nawe. Kwa kujitenga, hapana. Mtu wa nane aliyekukanyaga mguu amekukanyaga ingawa si miongoni mwa saba. Kulaliana kwa miili ni suala la mita, na mlangoni ndiko hasa watu watazidi saba.

Kundi_la_Ndege
Basi tumia yote mawili: mita kwa miili, idadi kwa maamuzi. Zaidi ya hapo, mtu hujali aliye mbele kuliko aliye nyuma. Helbing na Molnár, katika modeli yao ya watembea kwa miguu, ile ya nguvu za kijamii ya mwaka 1995, walipunguza uzito wa wale wasioonekana.

Gridi_Kwanza
Hapo angalieni. Ukiingiza mtazamo wa mbele, mimi ni jirani yako lakini wewe si jirani yangu, na ile hila ya kuhesabu jozi mara moja na kumpa mwenzake nguvu ileile kwa alama iliyogeuzwa haifai tena kwa nguvu hiyo. Zile mara 120,000 zinakuwa 240,000.

Shina_na_Matawi
Bado ni kazi ndogo kwa mti.

Mpanga_Ukumbi
Nimerudi na habari. Nimewapanga kwa sega la nyuki, na wote 4,000 wamepata nafasi papo hapo. Nimejikagua pia: mahali pa kuanzia nilikuwa napakadiria kwa desimali moja, nimeacha. Sasa watu wanasogea, ila kwa kupima jozi zote kila hatua inachukua sekunde 6 hivi, maana yake ni saa 10 kwa dakika zangu 10. Nitajaribu mti kwanza kwa kuwa upo tayari, na gridi kama utanishinda. Swali dogo: je, nimsogeze kila mmoja mara tu anapopata uamuzi, au nisubiri wote waamue?

Orodha_ya_1967
Subiri wote, kisha wasogeze kwa pamoja. Ukimsogeza kila mmoja papo hapo kwa mpangilio uleule wa namba, wa kwanza ndio watakaochagua nafasi kila mara na wa mwisho wataokota mabaki, tena mti uliojengwa mwanzo wa hatua utakuwa unakupa mahali ambapo watu walishaondoka.

Gridi_Kwanza
Kusogea kwa pamoja nako kunawaruhusu wawili kuukimbilia mwanya uleule. Utahitaji kusahihisha kulaliana baada ya kila hatua, na kuwasogeza kwa mpangilio unaochanganywa upya kila hatua ni njia nyingine halali.

Nukta_kwa_Nukta
Kabla ya hilo, umesema ukumbi una kuta. Je, wanaotoka unawafuta wakifika mlangoni, au wanaendelea kutembea nje? Gridi na mti vyote hupima mstari ulionyooka. Aliyeko ndani na aliyeko nje, wakitenganishwa na ukuta wa sentimita 20, kwa programu yako ni majirani wanaosukumana.

Mpanga_Ukumbi
Wanaendelea. Kuna ujia unaopita sambamba na ukuta wa mbele, na wote wanageukia hapo. Nimetoka kuitazama picha sasa hivi: walioko ndani karibu na ukuta huo wanarudi nyuma kila anapopita mtu upande wa pili.