Chuo chenye jina: jina linatoka wapi? Tupeane uzoefu

Mama Nguba (Bukavu)
Wandugu, matokeo ya Egzetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo) yakitoka tu, kila nyumba inauliza: mtoto aende chuo gani chenye jina? Wenye kufundisha, wenye kukaa kwenye sekretaria za fakilte (vitivo) na wenye kuajiri, tuelezeni jina hilo linatengenezwa na nini, na mzazi alipime namna gani kabla ya kulipa minervali, yaani ada ya chuo. Mambo ya "shemeji alisoma pale" tuyaache leo.

Mwana Katuba (Lubumbashi)
Mama, anza na historia, maana sifa nyingi tunazozirudia ni za zamani. Chuo cha Lovanium kilianza 1954 kule Léopoldville (Kinshasa ya leo), chuo cha Élisabethville (Lubumbashi ya leo) kikafungua milango 1956, Kisangani 1963. Mwaka 1971 Mobutu akaviunganisha vyote vitatu kuwa UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire) na fakilte zikagawanywa: udaktari na sheria Kinshasa, politekniki (uhandisi), lugha na sayansi za jamii Lubumbashi, saikolojia na ualimu Kisangani. 1981 vikatenganishwa tena, ila sifa ikabaki pale fakilte ilipokaa miaka hiyo 10. Ndiyo maana politekniki ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) inaheshimiwa mpaka leo, tena migodi iko mlangoni, mwanafunzi wa metalurjia hatafuti staji (mazoezi ya kazi) mbali.
Kwa hiyo ulizia fakilte, usiulizie geti. Chuo kimoja kinaweza kuwa na jiolojia ya nguvu na idara nyingine ya kubahatisha, na diploma zao zina muhuri uleule.

Prof wa Himbi (Goma)
Mie naongezea lililo kubwa kuliko yote: walimu wanaolala mjini. Nenda sekretaria ya fakilte, omba ratiba ya mwaka mzima, si ya wiki moja. Kwa kila kozi angalia mwenye kozi ni nani na cheo chake: asistenti, CT (chef de travaux, cheo cha juu ya asistenti), profesa mshiriki, profesa, profesa ordineri. Asistenti na CT wengi hawana doktora, na hilo si kosa lao, lakini fakilte yenye CT kila mstari haiwezi kusimamia kazi za masta vizuri.
Halafu hesabu maprofesa wageni. Kozi ya saa 60 ikisubiri mtu wa kutoka Kinshasa au Kisangani, akifika anaimaliza kwa siku 6. Gawanya: saa 10 kwa siku. Hapo TP (kazi za vitendo) zinakufa kwanza, maana hakuna nafasi ya kusahihisha. Mtihani unafuata palepale, mwanafunzi anakariri silabusi usiku kucha, na wiki ya pili haikumbuki. Safari ikikwama, kozi inasukumwa mpaka mwisho wa mwaka, zinarundikana tatu nne pamoja. Profesa mgeni mmoja mwenye utaalamu wa pekee ni baraka. Wakizidi nusu ya ratiba, jina la chuo ni la kuazima.

Dada wa Kadutu (Bukavu)
Kwa udaktari, acha kuangalia majengo, angalia vitanda. UEA (chuo cha Kiprotestanti hapa Bukavu) inatajwa duniani kwa sababu ya hospitali ya Panzi na Daktari Mukwege aliyepata Nobeli ya Amani 2018. UCB (Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu) nayo inafundishia kwenye hospitali kuu ya rufaa ya jimbo. Mtu mmoja maarufu anafungua macho ya wafadhili, lakini mwanafunzi anajengwa na wagonjwa anaowaona. Uliza: kikundi kimoja cha staji kina watu wangapi mbele ya kitanda kimoja? Sita wanaona. Kumi na wanane, wa nyuma wanaona mgongo wa mwenzao.
Laboratuari pia: omba daftari la TP la mwaka uliopita. Chupa za vitendanishi geuza, soma tarehe ya mwisho. Hadubini tano zinazowaka ni bora kuliko thelathini zilizofunikwa plastiki kwa ajili ya wageni.

Kijana wa komini ya Kenya (Lubumbashi)
Na hizi klasma za mtandaoni, zinazopanga vyuo kwa nafasi? Kuna vyuo vinazibandika mpaka kwenye kalenda.

Mwana Katuba (Lubumbashi)
Kaka, kwanza ujue klasma inapima nini. Ile ya Shanghai, tangu 2003, inatoa 30% kwa tuzo za Nobeli na Fields (ya hisabati) za walimu na waliosoma pale. Klasma nyingine, QS, inatoa 30% kwa sifa tu, yaani maprofesa wa duniani wanaulizwa wanavijua vyuo gani. Jina linazaa jina! Ya tatu, Webometrics, inatazama sana viungo vinavyoelekea kwenye tovuti ya chuo na makala zinazotajwa na wengine. Hakuna hata moja inayoingia darasani kusikiliza.
Kuna na kosa letu wenyewe: watafiti wa chuo kimoja, huyu anasaini kwa kifupisho, yule kwa jina la Kifaransa, mwingine kwa la Kiingereza. Mashine inaona vyuo vitatu vidogo.

Mzee wa ofisi (Goma)
Msisahau karatasi. Chuo binafsi kionyeshe arete (hati ya ruhusa) ya wizara, na uisome: inataja fili zipi, yaani masomo gani? Chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya uchumi, kikafungua uuguzi bila ruhusa. Diploma ya chuo binafsi inapitishwa na tume ya wizara, tunaita enterinema. Uliza promosheni (kundi la wahitimu) ya mwisho iliyopitishwa ni ya mwaka gani. Kwenye LMD (mfumo wa lisansi, masta, doktora), lisansi ni kredi 180, masta 120 zaidi. Relevé (karatasi ya alama) isiyoonyesha kredi inasumbua ukiomba nafasi nje.
Na palmaresi, orodha ya matokeo: distinksyo, yaani daraja la heshima, ilianzia 70%. Waajiri wakiona nusu ya promosheni ina distinksyo, wanaacha kuisoma mentio (daraja) na kupanga testi yao.

Prof wa Himbi (Goma)
Mzee, na kinyume chake. Kuna vyuo vinajisifu "hapa wanaangusha 70%". Mara nyingine kozi haikumalizika, ndiyo sababu.

Mama Nguba (Bukavu)
Aksanti sana. Sekretaria wakikataa kunionyesha ratiba?

Mzee wa ofisi (Goma)
Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho, si wa kwanza. Wanayo kwenye simu.