Basi la Marsabit na bango la mheshimiwa

*Kikundi cha ukoo, Jumamosi jioni*

Baba Mdogo Mwatate: Bwana asifiwe wapendwa. Nina habari ya misheni ya Agosti. Kuna mheshimiwa anayewania kiti 2027, amesema atalipia basi lote, Voi mpaka Marsabit na kurudi, pamoja na lori la kutuingiza North Horr. Anachoomba ni bango lake ubavuni mwa basi, na siku ya kuondoka aseme maneno mawili matatu kanisani.

Mama Taveta: Amina! Mungu hutoa njia 🙏

Kaka Chuo: Aiii, hapo sasa. Tulikuwa hata nusu hatujafika.

Shangazi Voi: Amina kwa salamu, ndugu yangu. Kuhusu basi, jibu langu ni hapana.

Baba Mdogo Mwatate: Dada, hata hujauliza bei. Mimi ndiye mhazini, naona daftari. Ukishapita Marsabit mjini unaiacha lami ya Moyale. Kutoka hapo ni Maikona, Kalacha, halafu unakata jangwa la Chalbi. Mwenye lori anatoza anavyotaka kwa sababu anajua huna njia nyingine.

Shangazi Voi: Bei naijua, nimeshapita hiyo njia. Bado nasema hapana.

Kaka Dallas: Shangazi shikamoo. Samahani kuingilia kutoka mbali. Lakini huyo mheshimiwa si ndiye aliyesimama hadharani kupinga utoaji mimba? Ni mtu wetu. Huku Texas Wakristo walikaa meza moja na wanasiasa tangu hukumu ya Roe dhidi ya Wade ya 1973, ile iliyoruhusu utoaji mimba Marekani nzima, wakavumilia, na mwaka 2022 ikatupwa. Miaka 49. Bila kushirikiana na wanasiasa isingetokea.

Shangazi Voi: Marahaba mwanangu. Wewe unanijua. Hilo la watoto wasiozaliwa hakuna wa kunisukuma wala kunirudisha nyuma. Nimekuwa mkunga tangu hamjazaliwa wengi wenu humu. Nimempokea mtoto wa kilo moja na robo, ngozi nyembamba mpaka unahesabu mishipa, mashine hakuna, tukamfunga kifuani kwa mama yake na leso usiku kucha, na kila nusu saa naingiza mkono kusikia kama anapumua. Alipona. Kwa hiyo mtu akiniambia huyo alikuwa kitu tu cha kuamuliwa na wakubwa, simsikilizi.

Shangazi Voi: Ndiyo maana kwenye kura ya maoni ya katiba mpya, Agosti 2010, nilipiga La, nyekundu, na sikuficha. Niliisoma Ibara ya 26(4) mwenyewe. Ilikataza utoaji mimba halafu ikaacha mlango kwa neno afya bila kueleza ni afya gani, na mlango mwingine kwa "sheria nyingine yoyote iliyoandikwa". Ndiyo ilishinda kwa karibu asilimia 67, nikakubali, ndiyo katiba yetu.

Shangazi Voi: Lakini kila nikiwasha televisheni wakati ule naambiwa sisi wa La tunapinga kwa sababu ya mahakama za kadhi. Mimi mahakama za kadhi zinanihusu nini? Zipo tangu katiba ya uhuru. Ukoo huu una Waislamu, tumezikana na kuozana. Hakuna mwandishi hata mmoja aliyeniuliza mkunga wa Voi anapinga nini.

Shemeji Mombasa: Asalaam aleikum jamaa. Hilo nashuhudia. Shemeji alikuja kwangu 2010 na karatasi yake amepigia mstari, na tulikunywa chai bila ugomvi 😊

Shangazi Voi: Sasa nimjibu mwanangu wa Dallas. Aliyeongoza kampeni ya La 2010 alikuwa William Ruto. Makanisa tulimpenda kwa hilo, na 2022 wengi walimwombea na kumpigia debe kama mtu wa madhabahu. Kisha ikafika Juni 2024, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Vijana wanapigwa risasi barabarani, na sisi tunatafuta maneno laini kwa sababu tulishapokea viti vya plastiki, mabati na bahasha. Kuwa upande mmoja na mtu kwa jambo moja kumetufunga midomo kwa mengine.

Kaka Chuo: Ni kweli Shangazi. Wiki ile vijana waliingia hata makanisani kukataa wanasiasa wapewe mimbari. Wengi wao ni waumini kabisa, wamekulia CU, umoja wa wanafunzi Wakristo.

Shangazi Voi: Na walikuwa wakidai jambo ambalo kanisa letu lilishasema. Askofu Mkuu Sapit wa Anglikana alitangaza 2021 kwamba mwanasiasa akija ibadani akae kama muumini mwingine, mimbari hapati. Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Katoliki Nairobi akaagiza pesa za Rais Ruto zilizotolewa kanisa la Soweto zirudishwe. Sisi Voi ndio tutundike bango?

Baba Mdogo Mwatate: Dada, bango si mimbari. Ni nguo tu imefungwa kwenye gari.

Dada Nairobi: Baba Mdogo shikamoo. Naomba niseme kama mtu wa chumba cha habari. Anayelipa basi atalipa na mpiga picha. Jioni mezani kwangu italetwa video imeshakatwa, maandishi yameshaandikwa: mheshimiwa awafikia wakazi wa North Horr kwa chakula na matibabu. Shangazi atapima wajawazito siku nzima, na kwenye video atakuwa mkono tu pembeni. Mwandishi aliyeileta atakuwa amepewa "ya nauli", yaani hongo. Na itapeperushwa, maana ni bure na sisi hatuna pesa za kutuma mtu Marsabit.

Kaka Chuo: Kwa hiyo mnakubali kuna upendeleo 😳 Nyinyi kanisa mnalikumbuka kukiwa na Shakahola tu, kule Kilifi mhubiri alikowafunza waumini wafunge mpaka wafe.

Dada Nairobi: Upo, sitakudanganya. Wahariri wengi hawalijui kanisa kwa ndani, wanalisoma kama siasa au kama mkasa. Lakini usidhani ni chuki dhidi ya Yesu. Ulio mkubwa zaidi ni wa pesa na hofu. Matangazo ya serikali yakikatwa, watu wanapigwa kalamu. Juni 25 mwaka 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mitambo ikazimwa mpaka mahakama ikaingilia. Ukifanya kazi hapo unaanza kujizuia mwenyewe kabla hujazuiwa.

Shangazi Voi: Shakahola ilistahili kila dakika iliyotangazwa. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa pale, na watoto wamo. Kanisa lisilolia kwa hilo lina kasoro. Ninachowadai ni jambo moja: mkishaonyesha makaburi, onyesheni pia kasisi wa kijijini anayefundisha watu waende hospitali na wameze dawa. Yupo. Ni wengi. Hawajawahi kuwa habari.

Kaka Dallas: Shangazi, ndiyo maana mimi vituo vya kawaida niliacha. Nasikiliza vya Wakristo peke yake.

Shangazi Voi: Na hivyo vilikuambia nini Januari 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa?

Kaka Dallas: Kwamba ilikuwa ufujaji. Pesa za walipa kodi kufadhili mambo yasiyo ya kimaadili.

Shangazi Voi: Ufujaji ulikuwepo, sikatai, na kulikuwa na miradi ambayo mimi mwenyewe singeipokea. Lakini sikiliza. Aliyeanzisha mpango wa dawa za UKIMWI 2003 ni Rais Bush, Mkristo mhafidhina kama wewe na mimi, mpinzani wa utoaji mimba. Aliomba dola bilioni 15 kwa miaka 5. Kabla ya hizo dawa nilikuwa nampokea mtoto leo, na najua mama yake hatamaliza mwaka wa pili. Baada yake mama mwenye virusi akimeza dawa vizuri, anazaa mtoto salama na anamlea. Niliona tofauti kwa macho, wodi ileile.

Shangazi Voi: Misaada ilipokatwa ghafla, kliniki zilifunga milango na wahudumu wakaambiwa wabaki nyumbani. Mama wa mimba ya miezi saba akikosa dawa, mtoto tumboni yuko hatarini. Huyo tumboni si ndiye tunayempigania? Kama ni uhai, ni uhai pande zote mbili. Hicho kituo chako cha Kikristo kilipaswa kukuambia hivyo, na hakikukuambia kwa sababu nacho kina mheshimiwa wake.

Kaka Dallas: Hapo kwa dawa nakusikia Shangazi. Kwa siasa za huku bado naona tofauti na wewe.

Shangazi Voi: Sawa mwanangu, tutaongea. Piga simu Jumapili.

Shemeji Mombasa: Shemeji, nina swali na usinielewe vibaya. North Horr kuna Wagabra Waislamu, na wengine wana mila zao. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, ngamia na mbuzi wakafa. Mtu mwenye njaa akiona unga na Biblia vimeshuka kwenye lori moja, ana hiari gani hapo?

Shangazi Voi: Swali zuri, na afadhali limetoka kwako. Sitakuficha, nakwenda kumtangaza Yesu, kama nisingemwamini ningekaa nyumbani nilime. Lakini sisi kliniki ni asubuhi, chini ya kivuli cha shule, kwa barua ya afya ya kaunti, na hakuna anayeulizwa dini. Unga unagawiwa na wazee wa hapo, siyo sisi, kwa orodha yao. Ibada ni jioni, upande mwingine kabisa, anayetaka anakuja. Kasisi wa kule ni mtoto wa pale, anahubiri Kiborana, sisi tunakaa nyuma. Ndiye aliyetuita, na aliandika anachotaka: mkunga, fundi wa pampu, mwalimu wa shule ya Jumapili. Kwaya hakuomba.

Mama Taveta: Kwaya tulishashona sare jamani 😅

Shangazi Voi: Sare zitavaliwa Krismasi. Sasa fikirini mama wa pale ametembea na punda na madumu tangu alfajiri kuja kupimwa, akafika akakuta basi lina uso wa mtu anayetaka kura za Taita. Atadhani Yesu ni wa chama gani? Huo ndio unga na Biblia ambao Shemeji anauogopa, na mimi nauogopa zaidi yake.

Shangazi Voi: Halafu msisahau injili ilivyotufikia sisi. Mmisionari Rebmann alifika Kasigau, huku kwetu Taita, 1847 kwa miguu, na 1848 akaona theluji juu ya Kilimanjaro. Aliandika alichokiona, na kule London bingwa wa jiografia, Cooley, akambishia kwa miaka, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga huku. Ilibidi mpelelezi Mjerumani, von der Decken, apande mlima ule mwanzoni mwa miaka ya 1860 ndipo wakasadiki. Ndiyo maana nawaambia vijana twendeni, mkaone wenyewe kabla hamjaamini kituo cha Nairobi au cha Dallas.

Dada Nairobi: Shangazi, nina likizo Agosti. Naweza kuja? Si kwa kazi. Nikiona cha kuandika nitaandika kwa jina langu.

Shangazi Voi: Njoo. Picha za watoto wakipokea vitu, hapana. Picha za pampu, piga mpaka uchoke.

Baba Mdogo Mwatate: Sasa mheshimiwa nimwambieje? Nilishamshukuru kwa simu.

Shangazi Voi: Mwambie tunamshukuru, na aje ibadani Jumapili yoyote akae popote. Akitaka kutoa, atoe sadaka kwenye kapu kama sisi, haitasomwa. Kura yangu huenda akaipata, nitamsikiliza sera zake kwenye mkutano wa hadhara. Kanisa hapati.

Baba Mdogo Mwatate: Hatatoa kwenye kapu, Dada. Namjua.

Shangazi Voi: Basi tunakwenda wachache. Wenye kazi ya mikono tu, kwa basi la abiria la kawaida mpaka Isiolo, tunalala, asubuhi Marsabit. Kasisi ana rafiki mwenye lori la mbuzi linalorudi tupu North Horr.

Baba Mdogo Mwatate: Haya. Hesabu inashuka sana tukiwa kumi. Tumeni kwa namba ileile ya kanisa, andikeni MISHENI, siyo kwa simu yangu. Kila Jumamosi naweka orodha hapa.

Shemeji Mombasa: Mimi nitatuma, iandikwe PAMPU.

Kaka Dallas: Nami pia. Dawa za presha na vipimo vya sukari, Shangazi niandikie unachohitaji.

Shangazi Voi: Mungu awabariki. Orodha naandika usiku huu. Kaka Chuo, wewe umesomea mitambo: muulize kasisi pampu yao ni ya aina gani na nini kimeharibika, kabla hatujanunua vipuri.

Kaka Chuo: Nampigia sasa hivi.