Nyuki wa mwembeni: kikundi cha Wana wa Isevya, Tabora

JUMATATU

Dada Mwamvua 06:41
Asalaam aleykum wote. Nyuki wamezidi kwenye mwembe wa Babu. Nimetoka kuwaangalia sasa hivi, wanapita pale tawi kubwa lilipokatika, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Nikahi ya Zai ni Jumamosi. Turubai linafungwa pale pale na majiko ya pilau yako hatua chache tu. Moshi wa kuni ukiwafikia hovyo tutauguza watu badala ya kuozesha. Naomba kila mtu asome na ajibu.

Dada Mwamvua 08:15
Naona mmesoma wengi. Jibuni.

Hamisi 09:02
Kadi wameshapewa? 😂

Kassimu 09:04
Wakae meza ya mbele, upande wa bwana harusi

Dada Mwamvua 09:05
Sina utani leo. Mtoto wa Mama Shabani juzi ameumwa kwenye jicho.

Baba Mdogo Juma 12:20
Petroli lita moja, unamwaga shimoni usiku, unawasha. Kazi imeisha.

Dada Mwamvua 12:26
Shikamoo baba mdogo. Hapana. Huo mti una uwazi ndani mpaka chini, ukishika moto hauzimiki leo, na bati la Bibi liko chini ya matawi. Nimeshamleta fundi aliyesomea pale Chuo cha Ufugaji Nyuki, kawaona, kasema wanahamishika. Kazi inaanza giza likiingia, kwa sababu mchana wengi wako nje kwenye maua. Ukiwahamisha saa hizo, waliobaki nje wakirudi wakakosa nyumba hasira zote zinaishia kwa watu. Anapuliza moshi kidogo kwa bomba, anapanua shimo kwa patasi, anatoa sega moja moja. Yenye asali ndooni, yenye watoto anayafunga kwa uzi kwenye viunzi vya mzinga mpya. Malkia akishaingia, wengine wanamfuata.

Kassimu 12:27
Asali itakuwa ndoo ngapi?

Shemeji Athumani 12:27
Ndoo ninayo mimi

Hamisi 12:28
Shemeji leo kajibu ndani ya dakika moja 😂😂

Dada Mwamvua 12:31
Sijafika kwenye asali! Shida ni mzinga. Baba mdogo, ile mizinga ya Babu ya kule Sikonge imebaki hata mmoja?

Shangazi Tatu 15:47
Hapo umeuliza. Imebaki?

Baba Mdogo Juma 15:50
Tatu usianze.

Shangazi Tatu 15:52
Sianzi mimi. Baba alipofariki mizinga ilikuwa imejaa porini, ya magome na ya mbao. Tukaambiwa nyegere kaimaliza. Nyegere gani anabeba mzinga mpaka sokoni?

Hamisi 15:53
Ujumbe huu umefutwa

Baba Mdogo Juma 15:58
Niliuza kulipia dawa za Mzee, wakati nyinyi mko Dar mnatuma pole. Risiti ninazo.

Baba Mdogo Juma ameondoka

Dada Mwamvua amemwongeza Baba Mdogo Juma

Dada Mwamvua 16:10
Jamani. Nyuki.

JUMANNE

Mama Zai 07:30
Samahani nilikuwa zamu ya usiku. Nyuki gani?

Dada Mwamvua 07:33
Panda juu usome wifi.

Zaituni 07:40
Si tuhamie ukumbini tu?

Dada Mwamvua 07:44
Kwa pesa ya nani Zai? Na aliyenipigia akitaka tuwaweke nyuma ya choo: haiwezekani. Nyuki anakwenda kilomita mbili tatu kutafuta chakula na njia ya kurudi anaijua. Ukimhamisha karibu, kesho yuko mwembeni tena. Tuwapeleke mbali, shamba la Mjomba Iddi lina maji na miyombo. Mjomba uko kimya tangu jana. Mzinga upakwe nta ndani na usuguliwe mchaichai, nyuki wetu hawa ni wepesi wa kuhama, pasipowapendeza unakuta sanduku tupu. Waya za kuning'inizia zipakwe grisi kwa ajili ya siafu. Fundi anataka elfu themanini. Tumeni kwa namba yangu.

Kassimu 07:50
👍

Dada Mwamvua 07:51
Kidole hakilipi fundi.

Baba Mdogo Juma 11:15
Petroli nimeshanunua.

Rehema (simu ya Bibi) 13:05
🎤 2:10

Rehema (simu ya Bibi) 13:12
Kwa wasioweza kusikiliza, Bibi anasema: "Mzee aliwaona hao nyuki na akawaacha. Ninayelala chini yao ni mimi. Moto hauwashwi kwenye mti wangu. Juma, petroli hiyo tia kwenye pikipiki yako. Mzinga uko stoo nyuma ya magunia, aliuchonga baba yenu kwa mkono wake. Wawekeni humo. Na habari za kuuza na kutouza mtakuja kuzisema mbele yangu, nyote wawili, si kwenye simu."

Shangazi Tatu 13:40
Sawa mama.

Baba Mdogo Juma 14:02
Sawa mama.

Hamisi 14:03
Shikamoo Bibi 🙏

Dada Mwamvua 17:20
Nimeuona huo mzinga. Ni gogo zima, hauna viunzi. Fundi anauliza masega ya watoto atayafunga wapi. Labda agongee fito ndani, hajawahi kujaribu. Nani atamwambia Bibi?

Dada Mwamvua 18:05
Haya. Fundi anakuja Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Watoto wote wawe ndani, mbwa afungwe. Ukiumwa toa mwiba upesi, kwangua kwa ukucha, kisha ingia ndani ufunge mlango, usijitose kwenye pipa. Pesa mpaka sasa ni elfu tano ya Mama Zai. Ngazi nani anayo?

Shemeji Athumani 18:30
Ndoo ninayo

Mjomba Iddi 21:48
Waaleykum salaam. Shamba nimewakodisha watu wa tumbaku mpaka wavune. Wanapiga dawa kila wiki, nyuki hawatapona pale.

Dada Mwamvua 21:49
Mjomba! Tangu jana! Nakupigia sasa hivi, pokea.